Charles Darwin na Suala la Mwendo wa Mageuko

Wanachuo wetu wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, wale wa mchepuo wa sayansi huja karibu kila mwaka na swali lile lile waliloulizwa darasani. Somo linapofika kwenye mageuko, yaani kubadilika kwa viumbe hai kizazi baada ya kizazi, mwanafunzi mmoja husimama akauliza: ikiwa viumbe hubadilika, mbona sisi hatuwaoni wakibadilika? Mwalimu hujibu kwamba jambo hilo huchukua muda mrefu sana, akafuta ubao, somo likaendelea. Jibu hilo si la uongo, ila halimfikishi mwanafunzi popote, kwa kuwa muda mrefu sana kwa kijana wa miaka 15 ni tangu babu yake alipozaliwa. Aidha, wako wanafunzi wasomaji ambao wamekwisha kusikia kwamba wataalamu wenyewe hawapatani: wengine husema mageuko huenda taratibu pasipo kukoma, wengine husema huenda kwa vipindi, kimya kirefu kisha mabadiliko ya haraka. Kijana akisikia hivyo huhitimisha kwamba nadharia nzima inayumba.

Ndiyo sababu tumeona vema kuyapitia maisha ya Charles Darwin kwa kuufuata uzi huo mmoja wa mwendo na wakati. Hatuandiki kwa nia ya kumsifu. Amekwisha kusifiwa vya kutosha, na kutukanwa vya kutosha pia. Tunaandika kwa sababu suala hili lilimsumbua yeye mwenyewe tangu ujana hadi mwaka wake wa mwisho, na mwalimu anayelijua hilo hatababaika mbele ya darasa.

Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, Uingereza. Mwaka huo huo, mjini Paris, Jean-Baptiste Lamarck alitoa kitabu kilichodai kwamba spishi za wanyama hazikuwa hivi zilivyo tangu mwanzo, bali zimebadilika polepole. Katika jumba hilo hilo la elimu ya viumbe alifanya kazi Georges Cuvier, bingwa wa kusoma mifupa, ambaye hakukubaliana naye hata kidogo. Cuvier alikuwa amethibitisha kwamba wako wanyama waliotoweka kabisa duniani, lakini alishikilia kwamba spishi, maadamu ipo, haibadiliki. Na kama visukuku vya tabaka moja la mwamba havifanani na vya tabaka la juu yake, sababu ni maafa makubwa yaliyofuta viumbe vya eneo zima.

Ushahidi alioutoa Cuvier ulitoka Afrika. Msafara wa Napoleon uliokwenda Misri mwaka 1798 ulirudi na mizoga iliyokaushwa ya paka, ya ndege aina ya kwarara na ya wanyama wengine waliozikwa na Wamisri wa kale. Cuvier alipima mifupa yao akaona hailingani tu na ya wanyama wa siku zake, bali ni ile ile. Miaka 2,000 hadi 3,000 imepita na hakuna kilichobadilika, basi mabadiliko yako wapi? Lamarck alijibu kwamba hali ya nchi ya Misri haikubadilika, hivyo wanyama hawakuwa na haja ya kubadilika. Na zaidi ya hayo, miaka 3,000 ni kidogo mno ukiilinganisha na umri wa dunia. Msomaji ataona kwamba swali la mwanafunzi wetu lilikwisha kuulizwa na mwanachuoni mkubwa wa Ulaya kabla Darwin hajajua kutembea, na kwamba jibu la mwalimu wetu lilikwisha kutolewa vile vile. Kilichokosekana kwa pande zote mbili kilikuwa kipimo.

Utoto wa Darwin hauhitaji maneno mengi. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alifariki mwaka 1817, mtoto akiwa na miaka minane. Babu yake mzaa baba, Erasmus Darwin, alikuwa ameandika kuhusu kubadilika kwa viumbe, kwa hiyo wazo lenyewe halikuwa geni nyumbani. Shuleni alilishwa Kilatini na Kigiriki cha kukariri, akaambulia kidogo. Mwaka 1825 alipelekwa Edinburgh kusomea udaktari, lakini hakuweza kustahimili kuona watu wakipasuliwa bila dawa ya ganzi, ambayo ilikuwa bado haijapatikana. Jambo moja la Edinburgh lafaa kutajwa, maana mara nyingi huachwa: ustadi wa kuchuna na kuhifadhi ndege, uliomfaa sana baadaye safarini, alifundishwa na John Edmonstone, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa huko Guiana ya Waingereza kabla ya kuachwa huru.

Kutoka hapo alihamia Cambridge mwaka 1828 ili aandaliwe kuwa kasisi. Hapo ndipo alipokutana na mwalimu wake hasa, John Stevens Henslow, profesa wa elimu ya mimea. Wakufunzi wenzetu wangefaa kumchunguza mtu huyu. Henslow hakuridhika na mihadhara. Aliwatoa wanafunzi wake nje kwa miguu na kwa mashua, wakachuma mimea na kukamata wadudu, naye akieleza palepale kilipookotwa kitu. Jioni aliwakaribisha nyumbani kwake wazungumze na wataalamu. Ni Henslow aliyempendekeza kijana huyu, asiye na shahada ya sayansi, awe msafiri katika meli ya Beagle iliyokuwa ikienda kupima pwani za Amerika ya Kusini. Tena ni yeye aliyemshauri achukue kitabu kipya cha jiolojia cha Charles Lyell, akisome, ila asikubali mawazo yake.

Ushauri wa sehemu ya mwisho haukufuatwa. Lyell alifundisha kwamba milima, mabonde na tambarare havikufanywa na maafa ya ajabu, bali na nguvu zile zile tuzionazo leo: mvua, mito, mawimbi, volkeno na matetemeko, zikifanya kazi kidogo kidogo kwa muda usiokadirika. Beagle iling'oa nanga tarehe 27 Desemba 1831. Tarehe 20 Februari 1835 Darwin alikuwa Valdivia, katika nchi ya Chile, akipumzika msituni, ardhi ilipotikisika kwa muda wa kama dakika mbili. Baada ya siku chache meli ilifika Concepción, na mji ulikuwa kifusi. Kilichomshika zaidi, mbali na huzuni ya watu wale, kilikuwa pwani yenyewe. Nchi ilikuwa imeinuka. Katika kisiwa cha Santa Maria, nahodha FitzRoy alikuta kome wameshikamana na miamba futi 10 juu ya mahali maji yajaapo yanapofikia, wamekufa na wananuka. Darwin alikuwa amekwisha kuona kombe za baharini mbali juu ya milima ya nchi ile. Sasa akaelewa zilivyofika huko: futi chache leo, futi chache karne ijayo, na hatimaye mlima.

Tunalitilia mkazo tukio hili kuliko ndege wa Galápagos, ambao kila kitabu cha shule huanza nao. Ni kweli kwamba alivikuta visiwa vile mwezi Septemba 1835, na ni kweli kwamba ndege wake walimfaa. Lakini maana yao aliielewa zaidi baada ya kurudi, mwaka 1837, John Gould wa London alipowachambua na kumwonyesha kwamba wale aliodhani ni wa jamii mbalimbali walikuwa wote ndugu wa karibu. Concepción ilimpa kitu cha kwanza kuliko hicho, nacho ni imani kwamba hatua ndogo, zikipewa muda, hufanya mambo makubwa. Alirudi Uingereza tarehe 2 Oktoba 1836 na hakutoka tena nje ya nchi hiyo.

Mwaka 1837 alifungua daftari la siri juu ya kubadilika kwa spishi. Mwaka uliofuata alisoma maandishi ya Malthus kuhusu ongezeko la watu, akapata kiungo alichokitafuta. Viumbe huzaa wengi kuliko wawezao kuishi. Hakuna wawili walio sawa kabisa. Wale ambao tofauti yao ndogo inawafaa mahali walipo huishi na kuzaa zaidi, na kuwarithisha watoto wao tofauti hiyo. Hiyo ndiyo maana ya uteuzi asilia. Mwaka 1839 alimwoa Emma Wedgwood, binti wa mjomba wake, na mwaka 1842 wakahamia kijiji cha Down, karibu na London, alikoishi hadi kufa. Alikuwa mgonjwa wa mara kwa mara. Walipata watoto 10, watatu wakafariki wadogo. Kifo cha Annie mwaka 1851, akiwa na miaka 10, kilimwachia jeraha lisilopona.

Insha yake ya mwaka 1844 aliifungia, akamwachia mkewe maagizo ichapishwe iwapo angekufa. Badala ya kuitoa, alikaa miaka minane, 1846 hadi 1854, akichunguza wanyama wadogo wenye magamba makali wajigandishao kwenye miamba ya pwani na chini ya vyombo, wale ambao mabaharia huwakwangua jahazi likipandishwa mchangani. Wapo wanaoiona miaka hiyo kuwa hasara. Sisi hatuoni hivyo, kwani hapo ndipo alipojionea kwa darubini jinsi tofauti ndogo ndogo zilivyo nyingi ndani ya spishi moja. Mwezi Juni 1858 ilifika barua ya Alfred Russel Wallace kutoka visiwa vya Malay, ikieleza wazo lile lile. Maandishi ya wote wawili yalisomwa pamoja London tarehe 1 Julai 1858, na tarehe 24 Novemba 1859 kitabu cha asili ya spishi kikatoka, nakala 1,250.

Sasa tunafika penye kiini. Hata kabla kitabu hakijauzwa, Thomas Huxley, ambaye alikuja kuwa mtetezi mkali kuliko wote, alimwandikia kumpongeza na kumwonya. Alimwambia kwamba amejitwika mzigo asioulazimika kuubeba kwa kushikilia kwamba maumbile kamwe hayaruki hatua. Darwin hakuutua mzigo huo. Aliogopa kwamba akikubali miruko mikubwa, atakuwa anafungua mlango kwa miujiza kurudi ndani ya sayansi. Lakini miamba haikumsaidia: spishi huonekana humo ghafla, hukaa bila kubadilika sana, hutoweka. Alieleza kwamba miamba ni kama kitabu cha historia ambacho kurasa zake nyingi zimepotea, na katika zile zilizobaki ni mistari michache tu isomekayo. Ni maelezo ya haki, ila mtu mwenye shaka angeweza kuyaita udhuru.

Hivyo Huxley na Darwin hawakupatana juu ya mwendo, na bado walisimama upande mmoja. Tunaomba walimu walitazame jambo hili kwa makini. Kuuliza kama viumbe wamebadilika ni swali moja. Kuuliza wamebadilika kwa mwendo gani ni swali la pili. Watu wawili waliokubaliana juu ya basi kwamba limefika Dodoma wanaweza kubishana usiku kucha kama lilikwenda kasi au lilisimama vituo vingi. Ubishi wao hauliondoi basi kituoni.

Mgogoro wa pili ulikuwa mzito zaidi, kwani ulihusu tarakimu. Katika chapa ya kwanza Darwin alijaribu kukadiria muda uliotumiwa na bahari kulimomonyoa bonde la Weald, kusini ya Uingereza. Alichukua mmomonyoko wa inchi moja kwa karne, akapiga hesabu, akapata zaidi ya miaka milioni 300. Wataalamu wa jiolojia walimrukia, nao walikuwa na haki, kwa maana hesabu ilikuwa ya kubahatisha. Kufikia chapa ya tatu, mwaka 1861, aliiondoa. Mwaka 1862 akaja William Thomson, aliyepewa baadaye cheo cha Lord Kelvin, mwanafizikia mkuu wa zama zake. Thomson alifikiri hivi: dunia ilianza ikiwa moto, inapoa, kwa kuangalia jinsi joto liongezekavyo mtu ashukapo mgodini, twaweza kujua imepoa kwa muda gani. Akapata umri kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, na kadiri miaka ilivyopita akaupunguza, hata mwaka 1897 akasema ni kati ya milioni 20 na milioni 40. Muda huo haukutosha kwa mageuko ya taratibu aliyoyafundisha Darwin.

Darwin hakuwa na jibu. Hakuwa mjuzi wa hesabu, na mwanawe George, aliyekuwa mjuzi, alivutwa na hoja za Thomson. Darwin aliliona jambo hili kuwa miongoni mwa mambo yaliyomsumbua kuliko yote. Alifanya yale ambayo mtu mwaminifu angeweza kufanya: aliliandika tatizo wazi katika chapa zilizofuata, akadokeza kwamba pengine mabadiliko yalikwenda haraka zaidi zamani, akasubiri. Alikufa akisubiri. Mwaka 1895 John Perry, aliyekuwa msaidizi wa Thomson, alionyesha kwamba hesabu zile zinabadilika kabisa ikiwa tumbo la dunia husafirisha joto kwa namna nyingine. Mwaka 1896 miali ya urani ikagunduliwa, na kutoka kwayo zikapatikana saa za kupimia umri wa miamba. Tangu mwaka 1956, Clair Patterson alipotoa hesabu yake, tunajua kwamba dunia ina umri wa takriban miaka milioni 4,550.

Tarakimu kama hiyo haimwingii mtu akilini kwa kuandikwa ubaoni. Sisi tumeona inafaa kuwatoa wanafunzi nje kama Henslow. Milimita moja ya rula iwe miaka 1,000. Basi tangu kuzaliwa kwa Yesu ni milimita mbili, na Wamisri wa Cuvier wako karibu milimita tatu au nne. Nusu sentimita inatosha kubeba historia yote iliyoandikwa. Fuvu alilolipata Mary Leakey katika Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75, liko mita moja na robo tatu, urefu wa mtu. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa mwaka 1978, ziko mita tatu na nusu na ushei. Ili kuufikia mwanzo wa dunia, darasa litembee zaidi ya kilometa nne na nusu. Wakirudi na vumbi miguuni, waulizwe tena kama miaka 3,000 ya Cuvier ilikuwa mingi.

Tumetaja Olduvai si kwa kujivuna tu. Katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu asili ya binadamu, Darwin alikisia kwamba mababu zetu wa kale yamkini waliishi Afrika, kwa sababu sokwe na gorila, walio karibu nasi kuliko wanyama wengine, wanaishi humo. Wakati huo hapakuwa na kisukuku hata kimoja cha binadamu wa kale kutoka bara hili. Mwalimu asiache kusahihisha hapa lile kosa la kudhani kwamba binadamu alitokana na nyani hawa wa leo. Hoja ni kwamba sisi na wao tuna babu mmoja aliyetoweka zamani. Wala asichanganye asili ya spishi na asili ya uhai wenyewe. Juu ya hilo la pili Darwin alikisia tu katika barua kwa rafiki, na hakulijengea nadharia. Kuhusu imani, Emma alikuwa mcha Mungu na aliteseka kwa mashaka ya mumewe, wakati Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani na Mkristo wa dhati, alikitetea kitabu hadharani. Kazi ya somo la Baiolojia si kupima imani ya mtoto wa mtu.

Ubishi juu ya mwendo haukuzikwa na Darwin. Mwaka 1972 Wamarekani Niles Eldredge na Stephen Jay Gould walidai kwamba kimya kile cha miamba si kurasa zilizopotea. Spishi nyingi hukaa kweli bila kubadilika kwa muda mrefu, na mpya huzuka katika kipindi kifupi, kifupi kwa kipimo cha jiolojia, maana chaweza kuwa makumi ya maelfu ya miaka. Wengine waliwapinga vikali. La kustaajabisha ni kwamba Darwin mwenyewe, kuanzia chapa ya nne ya mwaka 1866, alikuwa amekubali kwamba huenda vipindi vya kubadilika ni vifupi kuliko vipindi vya kutulia. Na mifano ya mwendo wa haraka tunayo mlangoni petu. Wavuvi wa Mwanza wanawajua furu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, ambao spishi zake zilikadiriwa kufikia 500 kabla ya sangara kuwamaliza wengi wao katika miaka ya 1980. Ziwa hilo lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, yaani sentimita moja na nusu kwenye rula yetu. Wapo wanaoeleza kwamba kasi hiyo iliwezekana kwa kuwa mababu wa furu walikuwa wamechanganya damu za samaki wa mito mbalimbali zamani zaidi. Hivyo mali ghafi ilikuwa ya kale, kazi ikawa ya haraka. Galápagos nako, baada ya ukame wa mwaka 1977, Peter na Rosemary Grant walipima midomo ya ndege na kuona wastani wake umebadilika katika kizazi kimoja. Mwanafunzi anayeuliza mbona hatuoni, anaweza kuambiwa kwamba wengine wameona.

Tumetangulia mbele ya habari, turudi Down. Mwaka 1842, mara tu alipohamia, Darwin alimwaga vipande vya chaki ya mwamba juu ya sehemu ya shamba lake, akaviacha. Alitaka kujua ni kwa kasi gani nyungunyungu, kwa kutoa udongo chini na kuutema juu, huvizamisha vitu vilivyo juu ya ardhi. Miaka 29 ilipita. Watoto walikua, kitabu kilitoka, dunia ikagombana. Mwaka 1871 alichimba mtaro, akaukuta mstari mweupe wa chaki inchi saba chini ya majani, wastani wa milimita sita hivi kwa mwaka. Kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwezi Oktoba 1881, kilihusu nyungunyungu hao, nacho kilionyesha kwamba katika mahali pengi Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo kwa eka hupita matumboni mwao kila mwaka. Watu walicheka kidogo, wakakinunua kwa wingi. Yeye alifariki tarehe 19 Aprili 1882, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, si mbali na kaburi la Newton.

Jaribio hilo halina gharama. Kidato cha Kwanza wachague sehemu ya uwanja isiyolimwa, yenye unyevu, waifunike kwa kokoto nyeupe zilizovunjwa ndogo ndogo, waandike tarehe. Wafikapo Kidato cha Nne wachimbe na kupima. Penye udongo mkavu nyungunyungu ni wachache, na kazi ya kupandisha udongo hufanywa zaidi na mchwa, kwa hiyo matokeo ya Shinyanga hayatalingana na ya Bukoba, na hilo nalo ni somo. Vigingi vya kuonyesha mipaka viwe vya chuma au mti mgumu, maana mchwa hao hao hula miti laini kabla ya Kidato cha Pili.